Nilivyopata gurudumu la nyuma lisilokata spoki

Gurudumu la nyuma la baiskeli yangu lilikuwa na tabia moja: spoki ikikatika leo, fundi akiweka mpya na kunyoosha ringi, haupiti muda nyingine inakatika jirani yake. Mzigo ninaobeba kwenye karia ni mzito, mimi mwenyewe si mwepesi, na njia ninazopita zina mawe na mashimo. Kwa hiyo ushauri niliopewa na karibu kila mtu ulikuwa ule ule: weka spoki nene. Una ukweli kidogo, lakini haugusi kiini cha tatizo. Kiini nilikiona nilipoanza kuziweka zile spoki zilizokatika na kuzichunguza.

Karibu zote zilikatikia mahali pamoja, kwenye kiwiko, pale spoki inapojikunja kuingia kwenye tundu la habu (kitovu cha gurudumu), na nyingi zilitoka upande wa mnyororo. Ukiitazama ncha iliyokatika kwenye mwanga, huoni chuma kilichovutwa hadi kikawa chembamba. Pamekatika kama palipokatwa: sehemu kubwa ni laini na imefifia rangi, kisha pembeni kuna kipande kidogo chenye chembechembe zinazong'aa. Hiyo ndiyo sura ya chuma kilichochoka. Ufa ulianza zamani, ukatambaa kidogo kidogo, na siku ya kukatika ni kile kipande kidogo tu kilichobaki ndicho kilichoachia. Mzigo wa siku hiyo haukuwa na hatia.

Kinachochosha ni mzunguko. Watu wengi hudhani habu imesimama juu ya spoki za chini, lakini spoki ni waya. Ukiisukuma kutoka juu inapinda tu. Gurudumu linabeba kwa sababu spoki zote zimevutwa kwa nguvu tangu mwanzo. Zile chache zinazofika chini, tairi linapokanyaga ardhi, hupungua mkazo kidogo, na zikishapita hurudi kama zilivyokuwa. Gurudumu kubwa la baiskeli huzunguka takriban mara 460 kwa kila kilomita, kwa hiyo kila spoki inalegea na kukaza mara hizo hizo. Ikiwa imekazwa vizuri, inapungua tu bila kulegea kabisa. Ikiwa mkazo wake ni mdogo, inalegea yote, kiwiko kinachezacheza ndani ya tundu, na hapo ndipo ufa unapozaliwa. Nikaelewa pia kwa nini kubadilisha spoki moja moja hakukusaidia: majirani zake walikuwa wametembea kilomita zile zile na walikuwa na nyufa zao zikisubiri zamu.

Kwa hiyo niliamua gurudumu la nyuma lisukwe upya lote, na nikachagua kila kitu kwa makusudi.

Nilianza na idadi ya spoki. Baiskeli za kale za Kiingereza zilitoka na spoki 32 mbele na 40 nyuma, na mpangilio huo una akili sana, kwa sababu gurudumu la nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito, na ukiweka karia linaongezewa zaidi. Leo habu na ringi za matundu 36 ndizo rahisi kupata kwa kazi nzito, nami nikachukua 36. Gurudumu la spoki 20 au 24 linapendeza na ni jepesi, lakini likikata spoki moja tu ringi inayumba hadi inasugua breki, na huwezi kufika nyumbani. La spoki 36 likipoteza moja, mara nyingi unaendelea na safari.

Ringi nilitaka ya kuta mbili. Ukiitazama kwa ndani, nipeli (nati ndogo inayokaza spoki kwenye ringi) inakaa kwenye ukuta wa chini na ukuta wa pili uko juu yake, kwa hiyo ringi ni kama bomba na haijikunji kirahisi. Ya ukuta mmoja ikigonga ukingo wa shimo inabonyea. Nilihakikisha pia ni pana kiasi cha kubeba tairi nene, kwa sababu tairi nene lenye upepo wa kutosha ndilo kinga ya kwanza ya ringi. Kipimo nilikisoma ubavuni mwa tairi: namba kama 37-622 au 50-559, ambapo ile ya pili ni kipenyo cha ringi kwa milimita, mahali tairi linapokalia. Namba hiyo haidanganyi, tofauti na inchi, maana kuna ringi za aina mbalimbali zinazoitwa za inchi 28 na tairi ya moja haiingii kwenye nyingine. Kwa mtu anayenunua baiskeli ya mizigo mizito tangu mwanzo ningemshauri 559, kwani ringi ndogo ina spoki fupi na ni imara zaidi kwa uzito ule ule wa chuma.

Kwenye spoki ndipo nilipokwenda kinyume na ushauri wa watu. Nilichukua zilizo na unene wa milimita 2.0 kwenye ncha zote mbili na 1.8 katikati. Katikati pembamba panavutika kidogo zaidi, hivyo gurudumu likigonga kitu, spoki jirani nazo zinashiriki kubeba pigo, na kiwiko, ambacho bado ni kinene, hakipokei lote peke yake. Spoki nene mwanzo hadi mwisho haivutiki, kwa hiyo msukosuko wote unaishia kwenye kiwiko. Nipeli nilichukua za shaba. Zile za alumini ni nyepesi, lakini zikikutana na maji na matope kwa muda mrefu zinashikamana na spoki, na siku ya kunyoosha ringi zinakatika mkononi.

Habu ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuamua. Ile ya zamani ilikuwa ya friwili, yaani fungu la gia linafungwa kwa uzi juu ya habu. Shida yake ni kwamba gololi za upande wa kulia zinabaki ndani, mbali na ncha ya ekseli (chuma kinachopita katikati ya habu), na ile sehemu ndefu ya ekseli iliyotokeza haina kinachoishikilia mpaka kwenye fremu. Ukiibebesha mzigo, inapinda. Nilipoivingirisha yangu juu ya kioo niliona mwanga ukipita chini yake upande mmoja kisha upande mwingine. Kwenye habu ya kaseti, ambayo fungu la gia huchomekwa juu yake badala ya kufungwa kwa uzi, aina ambayo kampuni ya Shimano ilianza kuitoa mwaka 1978, gololi za kulia zimesogezwa hadi karibu na fremu, na ekseli haina sababu ya kupinda. Kwa mtu wa mizigo mwenye gia nyingi nyuma, tofauti hii ni kubwa kuliko chapa au bei. Mwenye gia moja tu nyuma hana wasiwasi huo, kwani friwili yake ni nyembamba.

Kisha kuna suala la beringi zilizofungwa dhidi ya gololi za koni na vikombe, yaani gololi huru zinazozunguka kati ya kikombe kilicho ndani ya habu na koni iliyofungwa kwenye ekseli. Zilizofungwa hazihitaji marekebisho. Zikiharibika unazigonga zikatoka na kuingiza nyingine. Mimi nilichagua koni na vikombe, kwa sababu naweza kuzifungua kwa spana mbili nyembamba, kusafisha, na kuzirudisha, na gololi ni bidhaa rahisi. Asiyependa kushika grisi achukue zilizofungwa, hatakosea.

Kusuka kwenyewe, fundi alipanga spoki kwa mtindo ambao kila moja inakatiza tatu za upande wake, nami nikamwomba anifundishe kukaza. Kilichonishangaza ni kwamba kazi kubwa si kunyoosha. Ringi inaweza kuwa imenyooka kabisa huku spoki moja imekazwa kupita kiasi na jirani yake imelegea. Zinavutana na macho hayaoni. Masikio ndiyo yanayosikia. Ukizikwanyua kwa kucha moja baada ya nyingine, za upande mmoja zinatakiwa kutoa sauti inayokaribiana, na ile inayotoa sauti nzito ndiyo iliyolegea. Nilizunguka gurudumu hivyo nikizungusha nipeli robo tu kwa kila hatua, nikiipitisha kidogo kisha nikiirudisha, ili spoki isibaki imesokoteka. Kwa kipimo cha fundi, za upande wa gia zilifika mkazo wa kiasi cha kilo 110. Za kushoto zilikuwa chini zaidi, na ndivyo inavyotakiwa: habu imesogezwa kupisha gia, kwa hiyo spoki za kulia zinasimama karibu wima na za kushoto zimelala, na ili ringi ikae katikati ya fremu lazima mikazo itofautiane.

Kabla ya kumaliza, fundi alizikamata spoki mbili mbili zinazokwenda sambamba na kuziminya kwa nguvu zote za mkono, gurudumu zima. Zililia. Kuminya huko kunakalisha viwiko kwenye matundu ya habu na kuondoa mkazo uliojificha ndani ya chuma tangu kilipokunjwa kiwandani. Baadaye ringi iliyumba kidogo, akainyoosha tena, akaminya tena, mpaka ikaacha kubadilika. Fundi anayeruka hatua hii anakurudishia gurudumu zuri litakaloyumba baada ya safari chache.

Matunzo yangu sasa ni madogo lakini siyaachi. Nikisafisha baiskeli nazikwanyua spoki na kuangalia pengo kati ya ringi na breki. Habu naishika kwa namna hii: nakamata tairi na kulisukuma kushoto na kulia, likicheza, koni zimelegea. Kisha natoa gurudumu na kuzungusha ekseli kwa vidole viwili. Nikihisi vijimawe, nafungua.

Nikifungua, kwanza natandika kitambaa, maana gololi hukimbia. Kwa kawaida habu ya nyuma ina gololi 9 za robo inchi kila upande, na ya mbele 10 ndogo za inchi 3/16. Nafuta grisi yote ya zamani, kisha napitisha ncha ya kalamu ya wino kwenye njia ya koni. Ikiteleza, koni ni nzima. Ikikwama kwenye kishimo, hata kidogo kiasi gani, koni hiyo inatoka pamoja na gololi zake zote, kwa sababu gololi mpya kwenye njia iliyochimbika huharibika haraka. Grisi naweka nyingi. Inayofurika nje huzuia maji. Wakati wa kukaza, kama ekseli ni ya kufungwa kwa wenzo wa haraka (mkono mdogo unaofunga gurudumu bila spana), naacha icheze kidogo sana mkononi, kwani wenzo ukifungwa unaibana ekseli na mchezo ule unatoweka. Ukiikaza hadi isicheze kabla ya kuifunga, gololi zinasagwa tangu siku hiyo. Na maji ya mpira wenye kasi siyaelekezi kwenye habu kamwe. Yanapita kwenye kizibo na kuifukuza grisi.

Kilichobaki ni ringi yenyewe, kwa kuwa breki zangu zinasugua hapo. Naweka rula ubavuni. Nikiona ukuta umekuwa bonde, au nyufa ndogo zinatoka kwenye matundu ya nipeli, ringi imekwisha, hata kama imenyooka. Ndiyo maana nimenunua mapema ringi nyingine ya aina ile ile, yenye vipimo vile vile: itafungwa ubavuni mwa ile iliyochakaa, tundu la vali likitazamana na tundu la vali, na spoki zitahamishwa moja moja bila kuvuruga mpangilio, habu ikibaki ile ile.