Ekstensheni ya nywila ilivyonigomea tarehe 19 na ritani za VAT za watu ziko mkononi

Nina steshenari Morogoro. Napiga kopi, naprinti, nawaombea wanafunzi mikopo ya HESLB, nawajazia watu Ajira Portal, na wafanyabiashara sita nawatumia ritani zao za VAT TRA kila mwezi kabla ya tarehe 20. Kazi yangu kwa kweli ni nywila. Zamani nilikuwa naziandika kwenye kaunta buku, kila mteja na ukurasa wake, mpaka siku moja natoka nje kupokea simu narudi naikuta ile kaunta buku iko wazi juu ya meza na wanafunzi wamepanga foleni mbele yake, niliumia jamani, maana hao watu wameniamini na mambo yao ya kodi. Toka siku hiyo nikahamia kwenye programu ya kutunza nywila na sijawahi kujuta, ila Januari hii ilinitoa jasho na nataka niwaelezee yote maana najua kuna wengine watakutana nayo.

Ya kwangu iko hivi: programu yenyewe imekaa kwenye laptopu, nyingine kwenye simu, na kwenye Chrome kuna ekstensheni ambayo kazi yake ni kuchukua nywila kwenye programu na kuijaza kwenye ukurasa. Hiyo ekstensheni peke yake haina kitu, inaitegemea programu ya laptopu iifungulie. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui hilo, nilikuwa naona ni kitu kimoja tu.

Sasa tarehe 19, saa tatu asubuhi, nimebakiza ritani tatu, mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi kashafika kakaa kwenye benchi na risiti zake za EFD kwenye bahasha ya kaki. Nafungua ukurasa wa kuingia, ile alama ndogo inayotokeaga kwenye sehemu ya nywila haipo. Naangalia juu kulia kwenye brauza, nayo haipo. Tumbo likanivuruga. Nikampigia kaka fundi aliyeniwekea Windows 11 mwezi wa kumi na mbili (ile Windows 10 Microsoft waliacha kuipa apdeti tarehe 14 Oktoba 2025, na mimi laptopu ya kushika siri za watu siwezi kuiacha bila apdeti), akaniambia "dada hiyo isikusumbue, futa programu, futa na ekstensheni, weka upya, dakika kumi tu".

Nikawa nimeshafungua kabisa pale pa kufutia. Ndo nikakumbuka Jumamosi bando liliniishia, na jioni ile niliingiza nywila za wateja wawili wapya nikiwa sina intaneti. Nikashika simu, nikawatafuta wale wateja wawili. Hawapo. Yaani zile nywila zilikuwa kwenye ile laptopu tu, sehemu nyingine yoyote duniani hazipo, na kama ningemsikiliza fundi ningezifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Simlaumu, kwake yeye kufuta na kuweka upya ndo dawa ya kwanza ya kila kitu, ila kwa programu ya nywila hapana, kabla hujagusa chochote hakikisha kilichomo kiko na sehemu nyingine.

Kwa hiyo nikaanza na hilo. Nikawasha hotispoti, nikafungua programu ya laptopu yenyewe siyo ekstensheni, ikafunguka vizuri tu kwa nywila kuu, nikabonyeza isinki, nikasubiri, wale wawili wakatokea kwenye simu. Hapo moyo ukatulia. Nikatoa na bakapu kabisa, ile inayofungwa kwa nywila, nikaiweka kwenye flashi. Kuna bakapu nyingine ya faili la CSV, hiyo msiichague, ukiifungua kwa Excel kila nywila inasomeka wazi kama orodha ya bei. Mama wa watu nikamwambia "mama nisamehe, nivumilie kidogo", na ritani yake nikaingia kwa kuisoma nywila kwenye simu na kuiandika kwa kidole herufi moja moja, nywila ya herufi 20, nikakosea mara mbili ya tatu ikakubali.

Baada ya hapo ndo nikakaa kutafuta tatizo. Nikaandika chrome://extensions kwenye sehemu ya anuani. Ekstensheni ipo! Haijafutika, imezimwa, na pembeni imeandikwa kwamba toleo jipya linaomba ruhusa zaidi. Kumbe Chrome ndivyo inavyofanya, ekstensheni zinajiapdeti zenyewe kimya kimya, lakini apdeti ikija na ruhusa mpya nzito brauza inaizima mpaka mwenyewe ukubali. Huenda ujumbe ulitokea nikaufunga haraka haraka nikiwa na wateja, sikumbuki kuuona.

Hapa nilitaka kubonyeza kubali tu yaishe, lakini nikajizuia. Ekstensheni ya nywila inaona kila ukurasa unaofungua, na kuna ekstensheni nyingi zimewahi kuuzwa kimya kimya kwa watu wengine halafu mmiliki mpya akaingiza mambo yake kwenye apdeti. Nikasoma ruhusa yenyewe inaomba nini, ilikuwa ni kuwasiliana na programu nyingine zilizopo kwenye kompyuta. Nikaingia kwa simu kwenye tovuti ya wenye programu, kwenye maelezo ya toleo jipya, nikakuta wameandika kwamba wamebadilisha namna ekstensheni inavyoongea na programu ya laptopu, ruhusa hiyo hiyo. Nikakubali. Ilinichukua dakika tano na nashauri kila mtu azitumie hizo dakika tano.

Alama ikarudi, nikashukuru Mungu, nikaibonyeza. Ikaniambia haiwezi kuunganishwa na programu ya kwenye kompyuta.

Jamani. Nilikaa chini kidogo nikanywa maji. Nikajiuliza kimebadilika nini, jibu ni ekstensheni, imekuwa mpya, je programu nayo ni mpya? Nikaenda sehemu inayoonyesha toleo, nikakuta ni lile lile la Desemba alilowekaga fundi. Kwa nini halijapanda? Programu niliipata Microsoft Store, na Store huwa inaapdeti yenyewe, ila mimi kwa ajili ya kubana bando niliiambia Windows kwamba ile hotispoti yangu ni ya kulipia kwa kipimo, na ukishaweka hivyo Windows inazuia apdeti nyingi zisishuke, na Store nayo inasimama. Ekstensheni ya Chrome haijali hayo, yenyewe ikapanda zake. Vitu viwili vilivyotakiwa kutembea pamoja kimoja kikaenda kimoja kikabaki, ndo maana haviongei. Sijutii kubana bando, bando ni hela, lakini nilipaswa kujua kwamba nimezuia na apdeti.

Nikanunua bando la siku, nikaondoa kile kipimo, nikaingia Store kwenye maktaba nikabonyeza itafute apdeti, ikashusha. Narudi Chrome bado haiunganiki! Nikafunga Chrome nikafungua, bado. Hapa ndo nilipoteza muda mwingi kuliko pote, nikajaribu vitu vinne kwa mpigo, nikazima antivairasi, nikafuta kuki za brauza, na hilo la kuki lilikuwa kosa maana lilinitoa kwenye akaunti zote nilizokuwa nimeshaingia ikiwemo imeili ya biashara. Tatizo lenyewe lilikuwa dogo, ukifunga dirisha la Chrome yenyewe inaweza kuendelea kukimbia chini kwa chini, na laptopu yangu sijaizima wiki nzima, nafunika tu mfuniko naenda nyumbani. Nikaizima kweli kweli, nikawasha, nikafungua programu kwanza halafu Chrome. Ikaunganika, ikauliza kama naikubali hii ekstensheni, nikakubali, nywila zikaanza kujaa kama zamani. Nikarudisha antivairasi hapo hapo.

Nikajua yameisha. Ila si nilishafuta kuki, kwa hiyo imeili ikataka niingie upya na ikataka zile tarakimu sita za hatua ya pili ya kuingia, zinazoombwa baada ya nywila, ambazo nazo nazitunza humo humo kwenye programu. Ekstensheni ikajaza, imeili ikakataa. Ikajaza nyingine, ikakataa. Na imeili hiyo ndo wateja wanatumia kunitumia mauzo yao ya mwezi. Nikawaza apdeti imeharibu kitu, kumbe nilikuwa naisingizia. Nikafungua simu sehemu hiyo hiyo, akaunti hiyo hiyo, nikaweka simu pembeni ya laptopu, na tarakimu ni tofauti! Siri iliyotunzwa, yaani ule msimbo unaopewa mara moja ukiwasha hatua ya pili, ni moja, tarakimu mbili tofauti kwa wakati mmoja.

Hizo tarakimu zinatengenezwa kwa vitu viwili tu, siri iliyotunzwa na saa, na kila sekunde 30 zinabadilika. Siri ni ile ile kwa hiyo kilichobaki ni saa. Lakini saa ya laptopu iko sawa, naiona hapo chini, saa nane na dakika kumi, sawa na ya simu kabisa. Nikamuuliza kijana anayenisaidia kama kuna mtu aliwahi kugusa saa, akasema "ndiyo dada, fundi alivyoondoka saa ilikuwa inaenda kombo ikanibidi niizime ile ya kujirekebisha nikaiweka kwa mkono". Kijana alifanya kwa nia njema kabisa. Nikafungua mipangilio ya saa, nikakuta kanda ya saa imewekwa ya Marekani upande wa Pasifiki, masaa 8 nyuma ya saa ya dunia, wakati sisi tuko masaa 3 mbele. Sasa ukiisahihisha saa kwa mkono bila kubadilisha kanda, kwa macho inaonekana sawa lakini ndani kompyuta inaamini dunia iko masaa 11 mbele ya ilipo, na tarakimu zinatoka za masaa 11 yajayo. Mwezi mzima sikujua kwa sababu nilikuwa nimeshaingia kwenye akaunti zangu na hakuna iliyoniomba tarakimu.

Nikaweka kanda ya Nairobi, ambayo ndo ile ile yetu, nikawasha saa ijirekebishe yenyewe. Nikaweka tena simu na laptopu pembeni, tukazitazama mimi na kijana, zikabadilika pamoja, sita kwa sita sawasawa. Imeili ikafunguka. Ritani mbili zilizobaki nikazituma kabla ya saa kumi na mbili jioni na yule mama nikamprintia uthibitisho wake nikampelekea mwenyewe dukani kwake.

Sasa hivi kila Ijumaa jioni nanunua bando la siku, naachia apdeti zote zishuke, programu kwanza kisha Chrome, nalinganisha idadi ya nywila zilizopo kwenye laptopu na za kwenye simu, halafu laptopu naizima kabisa.