Siku moja maishani mwangu: namba nane zilizonipotezea mchana, Mtwara

Saa 12:30 asubuhi. Upepo wa kusi, chapati mbili na maharage kwa mama wa kibandani, bajaji hadi ofisini. Hapo hakuna habari.

Saa 2:15. Nawasha kompyuta. Kazi yangu ni kuigiza mfumo wa umeme kwenye PSS/E, programu ya kompyuta: laini, transfoma na lodi (mahitaji ya umeme) za huku Kusini, nione volteji itakuwaje kabla mtu hajasimamisha hata nguzo moja. Skripti naandika kwa Python. Leo narudia hesabu nilizofanya Machi. Nilimwambia mkubwa wangu ni kazi ya nusu saa.

Saa 3:00. Nusu saa gani! Nafungua faili, nakutana na hii:

psspy.fnsl([0,0,0,1,0,0,99,0])

Ni amri ya kuiambia PSS/E ikokotoe volteji za mfumo mzima. Niliiandika mimi. Kusema kweli, niliinasa. PSS/E ina kinasa: wewe unabofya menyu, chenyewe kinakuandikia Python. Kinaandika sahihi, ila kwa mwandiko wa daktari kwenye cheti cha dawa. Namba ya kwanza ni tapu za transfoma, yaani hatua za kupandisha na kushusha volteji yake. Ya tano ni kapasita, vifaa vya kuinua volteji, zinazojiwasha na kujizima. Ya sita ni kuanza hesabu upya, kila basi (sehemu laini zinapokutana) likiwa na volteji 1.0, yaani kamili. Ya saba ni mipaka ya MVAr za majenereta, yaani ile nguvu ya kushikilia volteji. Ukikosea nafasi moja, programu inakubali na kuendelea kimya kimya.

Saa 5:20. Kumbe nilikosea. Machi nilitaka kuweka 0 kwenye nafasi ya nne, ya tapu za laini za DC (umeme wa mkondo mnyoofu), maana huku hatuna laini ya DC. Nikaiweka kwenye ya tano. Kapasita zikaganda, volteji ya mwisho wa laini ikashuka hadi 0.93, chini ya 0.95 tunayoikubali, nami nikapendekeza zinunuliwe kapasita mpya. Zilizokuwepo nilizifunga mikono mwenyewe.

Saa 7:00. Naenda kwa mkubwa wangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona una sura ya aliyepoteza nyavu?"

Nikamweleza yote. Akanyamaza, kisha: "Ripoti imeshatoka?"

"Bado, iko mezani kwako."

"Basi ushukuru uvivu wangu."

Wali na pweza wa nazi siku hiyo ulishuka kwa shida.

Saa 8:30. Naandika upya. Kila namba inapewa jina kwanza, ndipo iingie kwenye orodha:

tapu_transfoma = 0
kapasita = 1
anza_upya = 0
mpaka_mvar = 99

Mabasi nayo yanapata majina (mabasi ya umeme, siyo yale ya kwenda Dar). Badala ya tarakimu tano zisizo na sura, skripti sasa inasema Masasi. Halafu jambo nililolipuuza miaka yote: fnsl ikirudisha 0, maana yake imefanya kazi bila hitilafu, siyo kwamba hesabu imetulia kwenye jibu. Hilo anaulizwa psspy.solved(). Nikaongeza mstari: jibu lisipokuwa 0, skripti isimame na iseme ni kesi ipi.

Saa 10:40. Dada wa meza ya pili, ambaye hajawahi kuigusa kazi hii, anachungulia kioo changu.

"Kaka, hii kapasita ukiweka 0 si zinaganda?"

Hajafungua kitabu cha maelekezo. Nikabonyeza: volteji 0.97.

Saa 11:15. Nafuta lile pendekezo la kapasita, natuma ripoti, napita sokoni kununua ming'oko ya kuchemsha.