Baada ya Tetemeko, Hasara Humwangukia Nani?

Ukiwauliza watu wa pwani yetu kuhusu matetemeko makubwa ya ardhi, wengi watakuambia kwamba hayo ni mambo ya Uturuki, Japani na Indonesia, na kusema kweli hawajakosea sana. Hata hivyo, alfajiri ya tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la kipimo cha 9.1 lilitokea chini ya bahari karibu na Sumatra, na mawimbi yake yakavuka Bahari ya Hindi yote, yakafika Malindi mchana wa siku hiyo hiyo na kumuua mtu mmoja aliyekuwa akiogelea. Majirani zetu wa Somalia walipoteza watu wanaokaribia 300, wengi wao upande wa Hafun. Sisi tulisalimika kwa sababu ya umbali, kwa sababu polisi waliwahi kuwaondoa watu ufuoni, na kwa sababu moja ambayo mvuvi yeyote ataielewa bila kufafanuliwa: mwezi ulikuwa mpevu, bahari ilikuwa katika bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, lakini mawimbi yalitukuta maji yakiwa yamekupwa. Lau yangechelewa saa chache, yakaja juu ya bamvua iliyojaa, habari ya Malindi ingekuwa nyingine kabisa.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni kile kinachofuata baada ya maiti kuzikwa na waandishi wa habari kuondoka. Chukua Maldivi, nchi ambayo uchumi wake unafanana mno na wa Malindi na Watamu, kwa kuwa nayo huishi kwa wageni na samaki. Waliokufa huko mwaka 2004 hawakufika 150, lakini hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 470, ambazo ni asilimia 62 ya pato la taifa la mwaka mzima. Hesabu ya vifo, basi, haikuambii lolote kuhusu ukubwa wa pigo la kiuchumi. Huko Sri Lanka, ambako vifo vilipita 30,000, misaada ya boti ilimiminika hata katika baadhi ya vijiji boti zikawa nyingi kuliko wavuvi, na nyingine zikawa mbovu kiasi cha kutofaa kuingia baharini. (Anayegawa boti bila kuuliza watu huvua nini na kwa chombo gani, kwa maoni yangu, anajipendeza mwenyewe.)

Ardhi yetu wenyewe pia haijalala. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la kipimo cha 6.9 lilipasua ardhi Subukia, katika Bonde la Ufa, na tarehe 10 Septemba 2016 lile la Kagera, lililokuwa la 5.9 tu, liliangusha nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vyake na kuziharibu vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato hata zikalazimika kufungwa kwa muda. Mji wetu wa Lamu uko mbali na Bonde la Ufa, na sisemi kwamba utaanguka kesho. Nasema tu kwamba nyumba zetu hazikujengwa kwa ajili ya kutikiswa, na hili niliwahi kulishuhudia kwa karibu.

Katika nyumba moja ya Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, fundi mmoja mzee alikuwa akibandua plasta ya saruji iliyopakwa miaka ya nyuma juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe. Chini ya saruji chokaa ilikuwa imegeuka unga, kwa kuwa unyevu ulikosa pa kutokea. Akaniita nitazame ncha ya boriti pale inapoingia ukutani. Kwa nje ilikuwa ngumu na nyeusi, lakini alipoichokoa kwa bisibisi iliingia hadi mpini. “Mwanangu,” akasema, “hii haishiki ukuta, imelala tu juu yake.” Hapo ndipo penye hatari. Kuta zetu ni nene, karibu nusu mita, na ni nzito. Dari nayo imebebwa na boriti zilizoegeshwa kwenye kuta hizo bila kufungwa. Kuta mbili zikiyumba kila moja upande wake, boriti huchomoka na dari yote ikashuka juu ya walio chini.

Nilimuuliza mwenye nyumba kwa nini matengenezo yamechelewa hivyo. Jibu lake lilikuwa la kiuchumi kuliko la kiufundi: nyumba ni ya mirathi, warithi wametawanyika Mombasa, Jeddah na kwingineko, na hakuna mmoja anayeweza kuuza, kukopa wala kukata bima bila ridhaa ya wote. Ninaamini hiki ndicho kidonda chetu kikubwa. Tetemeko likipita, mali isiyo na msemaji mmoja ndiyo hukaa kifusi muda mrefu zaidi.

Wengine watasema nchi tajiri hupona haraka. Wapo waliopona, lakini Kobe nchini Japani inatuonya. Tetemeko la tarehe 17 Januari 1995 liliua watu 6,434 na kuvunja gati za bandari ambayo kwa makontena ilikuwa ya sita duniani. Gati zilijengwa upya kwa takriban miaka miwili, kazi ya kusifiwa, lakini meli zilizokuwa zikipakua hapo shehena za kupelekwa nchi nyingine zilikuwa zimekwisha kuhamia Busan na bandari nyinginezo, na Kobe haikurudi tena katika nafasi yake. Mtaa wa Nagata, uliokuwa na karakana ndogo ndogo za viatu, uliteketea kwa moto, na wateja hawakuwangoja mafundi wajenge upya. Bandari yetu mpya ya Lamu, iliyoanza kupokea meli mwezi Mei 2021, inatarajia kupata sehemu ya riziki yake kwa biashara ya namna hiyo hiyo ya kupokezana shehena. Seremala wa Lamu na waundaji wa majahazi wa kijiji cha Matondoni nao wako katika hali ya wale washona viatu: akiba yao yote ni karakana na wateja.

Mfumo wa tahadhari ya tsunami katika Bahari ya Hindi, ambao haukuwapo mwaka 2004, sasa unafanya kazi, na unaokoa roho. Hauokoi mtaji. Bima ingefaa, lakini malipo yote ya bima nchini Kenya kwa miaka ya karibuni hayafiki asilimia 3 ya pato la taifa, na wengi wa hapa huona haya au shaka kuhusu riba na hivyo hukaa kando, ilhali mpango wa takaful, yaani bima ya Kiislamu isiyo na riba, upo. Ningeshauri tuanze na vyombo vya baharini kabla ya nyumba, kupitia vikundi vya wavuvi ambavyo tayari vina orodha ya wanachama na vyombo vyao, kwa sababu mashua ina mwenyewe anayejulikana na haihitaji saini ya binamu aliyeko Jeddah. Nyumba zitafuata, pale warithi watakapokubaliana kumpa mmoja wao wakala wa maandishi wa kutunza jengo, jambo ambalo kadhi anaweza kulithibitisha bila kugusa mafungu ya mirathi.