Elfu tatu za kutafuta mkebe msituni

Ujumbe uliingia Jumatano jioni kwenye kundi la wazazi wa darasa la mwanangu Imani. Mtoto mmoja anatimiza miaka minane, wenzake wanakaribishwa Jumamosi kusaka hazina msituni, elfu tatu kila mtoto, chakula humohumo, kiingilio cha getini kila mtu ajilipie, na mzazi mmoja anaruhusiwa kusindikiza. Elfu tatu ya Kenya. Wewe uliyeko Tanzania, Soni au Mlalo, zidisha kwa ishirini, halafu tafuta kigoda ukae.

Nikamsomea mume wangu. Akasema lipa tu, mtoto asibaki peke yake. Huyu kazaliwa Buruburu, mtaa wa hapa Nairobi, mti anaoujua vizuri ni mti wa stima. Nikaona nitafute mtu wa kunielewa, nikampigia dada Lushoto.

"Mnalipa kuingia msituni," akasema taratibu, kama mtu anayehesabu chenji. "Mkitoka mnatoka na kuni?"

"Hatutoki na kuni, dada."

"Uyoga?"

"Wala uyoga. Hata jani bichi haliruhusiwi kuchumwa."

"Sasa hiyo hazina ni nini?"

Nikamweleza kwamba mkebe umefichwa mahali, watoto wanapewa kadi zenye mafumbo, fumbo moja linawapeleka kwenye lingine, na wakiufikia wanakuta peremende na stika. Alicheka mpaka akaishiwa pumzi, akampa mama simu ili mama naye acheke. Kwa dakika zangu.

Najua wapo watakaosema Nairobi si ughaibuni. Mtu anaondoka Lushoto na giza, Mombo, Moshi, Arusha, Namanga, na usiku anakula ugali wa huku. Lugha moja, shemeji zetu wako pande zote mbili. Ni kweli. Lakini nimekaa hapa miaka kumi nashona sare za shule Ngara, na kila nikifungua mdomo mteja ananiuliza nimekuja lini.

Jumamosi tukafika getini. Msitu wenyewe siutaji, walinzi wale nao wana watoto wa kusomesha. Kwenye ubao wameandika bei tatu: raia, mkaazi, mgeni. Imani ni raia. Katiba yao ya 2010 inasema ukizaliwa na baba au mama Mkenya umemaliza, huombi kwa mtu. Mimi ni mkaazi, ninayo kadi ya wageni, lakini asubuhi ile niliiacha kwenye mkoba mwingine. Basi nikawa mtalii. Mimi, mtoto wa Usambara, kanga kiunoni, raba za mtumba za Gikomba mguuni, nikaambiwa nilipe bei ya mtu aliyeshuka na ndege jana kuja kuangalia tembo.

"Nimeolewa hapa miaka tisa, kaka."

"Naskia mathee, lakini bila kadi sina la kufanya." Halafu, kama anayenipoza: "Lakini Kiswahili chako ni safi sana."

Hapo ndipo niliposikia vibaya hasa, si kwenye pesa. Mwanangu alikuwa ameshavuka kizuizi anapunga mkono, na mimi nimesimama upande wa pili na kanga yangu. Sheria ya huku inamruhusu aliyeolewa kuomba uraia ndoa ikifika miaka saba. Fomu iko juu ya kabati, imepata vumbi. Kenya haina neno na uraia wa nchi mbili, Tanzania ndiyo haitaki: nikichukua wa huku wa kwetu umekwenda, na siku nikimzika mama nitaingia Namanga kwa mhuri wa mgeni. Kwa hiyo fomu inakaa kabatini, na mimi nakaa getini.

Wakati navuta simu nilipe, mama mmoja wa kundi letu akawa ameshalipa. Ni yule wa gari kubwa jeupe ambaye tangu muhula wa kwanza nilimweka kwenye fungu la wanaojisikia. Akasema, "Tusichelewe, mtoto wako anakungoja." Sikujua nishukuru au nikasirike. Usiku nilimrudishia kwa M-Pesa, akairudisha. Nikaituma tena, akairudisha tena, akaandika "wacha ujinga". Nikaacha.

Hapa niwaambie mnaopanga kuja, maana inbox imejaa. Msidanganywe kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki inatosha. Mpakani utapita, lakini kazi inataka kibali na kibali kinataka subira. Kadi ukiipata itembee nawe kama hirizi, hata ukienda dukani kununua chumvi. Kwenye nyumba hapa tuna nafuu, mara nyingi ni kodi ya mwezi mmoja na amana, hawadai ya miezi sita kama baba mwenye nyumba wangu wa Tanga. Na Kiswahili chako kitasifiwa kila siku na hakitakuongezea hata shilingi kumi kwenye bei ya sketi.

Turudi msituni. Nilianza kununa na nikaacha kununa bila kujua saa ngapi.

Watoto waligawanywa makundi ya watano watano. Kijana mwenye filimbi akawapa ramani ya karatasi, dira, na kadi ya kwanza iliyofungwa kwenye mti. Masharti ni matatu: hakuna kukimbia nje ya njia, hakuna kuvunja kitu kilicho hai, hakuna kuacha kitu nyuma. Baba mmoja alikuwa amenyang'anywa chupa ya maji getini, kwa sababu tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi na misitu yao. Alilalamika sana. Mimi baada ya yaliyonipata nilimsikiliza kwa raha.

Kadi zote zilikuwa za Kiingereza. Ya kwanza ilisema, kwa maana yake, mtafuteni anayeruka juu ya miti na hana dole gumba. Watoto wakakaa. Mmoja akasema nyoka. Nyoka hana gumba kweli, na wapo wanaopanda miti, sikuona kosa. Wazazi wakatoa simu kupekua. Mimi nikamnong'oneza Imani: "Mbega." Sisi tumekua nao nyuma ya nyumba, wale weusi wenye joho jeupe, na kila mtoto wa kwetu aliyewahi kuokota mbega aliyekufa ameuona ule mkono wenye vidole vinne. Mbele kidogo palikuwa na ubao wenye picha ya mbega, na kadi ya pili nyuma yake.

Ya pili ilitaka mti unaoanza maisha juu ya mwenzake na kumaliza kwa kumnyonga. Simu zikatoka tena, watu wakawa wanapiga picha kila shina, programu inawaambia huu ni huu, huu ni ule. Nikaangalia juu, nikaona mizizi imeshuka kama misuko ya nywele imemkumbatia mwenzake mpaka hapumui. Mtini wa porini. Wakikuyu wanauita mugumo, na wazee wao walifanya ibada chini yake. Nikawaambia watoto: mbegu yake huletwa na ndege, inaangukia kwenye tawi la mtu, inamwomba hifadhi, halafu inateremsha miguu mpaka chini, na siku ikigusa udongo mwenye nyumba kwisha. Yule mama wa gari jeupe akauliza, "Hayo umesoma wapi?" Nikasema sijasoma, nilikuwa natafuta kuni.

Na hapo nikakumbuka jambo ambalo sikumwambia. Msitu wa Magamba, pale juu ya mji wa Lushoto, ni hifadhi. Wageni wanaingia kwa njia ya mbele na mwongozaji. Sisi tuliingia kwa njia ya nyuma na kamba ya kufungia kuni, na kwa sheria tulikuwa wezi. Tulijifunza miti tukimkimbia bwana misitu: ulipo mti wenye tundu unaingia ndani, ukisikia filimbi unalala kwenye majani na kunyamaza mpaka siafu wakutoe. Ule ndio ulikuwa mchezo wetu, na hazina ilikuwa mzigo wa kuni ukifika nao nyumbani. Hakuna aliyetupa stika.

Ya tatu nisiseme sana. Ilidai hatua arobaini kaskazini, haikusema hatua za nani. Tuliishia kwenye matope.

Mkebe walioupata ulikuwa wa biskuti. Imani alitoka na filimbi ya plastiki, ndio, plastiki, imepitaje getini sijui, na kwenye matatu alinieleza njia nzima kama vile sikuwepo. Mtoto huyu nikimpeleka shule hunisimulia kwa maneno mawili: poa, sijui.

Usiku sikulala, nikaanza kusoma mchezo huu umetoka wapi. Kumbe una ukoo mrefu. Mwaka 1854 Mwingereza mmoja, James Perrott, aliyekuwa akiongoza wageni kwenye nyika ya Dartmoor, aliweka chupa mahali panaitwa Cranmere Pool, kwenye kinamasi, ili anayefika aache kadi yake ndani. Watu wakaanza kwenda kinamasini kwa ajili ya chupa. Halafu huko Marekani, tarehe 2 Mei 2000 serikali iliacha kupotosha kwa makusudi mawimbi ya GPS yaliyotumiwa na raia, vifaa vikaanza kuonyesha mahali pa kweli, na kesho yake Dave Ulmer akafukia ndoo porini Oregon, akatangaza kwenye intaneti iliko. Ndani aliweka vitu kama vitabu, manati na mkebe wa maharage. Leo watu wa nchi nyingi wanafichiana mikebe hivyo. Baba mdogo wangu alifukia hela kwenye mkebe wa Kimbo chini ya mgomba, akasahau mgomba gani, na mpaka leo ukoo mzima unamwita mjinga. Hakuwa na GPS, basi.

Wiki mbili baadaye nikampeleka Imani msitu wa Karura, hapahapa Nairobi, sisi wawili, kadi yangu ikiwa kwenye sidiria. Njia panda za kule zina vigingi vyenye namba, na mtu akitaka kuwachezesha watoto kazi nusu imeshafanyika: nenda namba hii, kata kulia, hesabu mpaka ile. Tulifika kwenye maporomoko na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Imani akauliza nani aliyeuweka msitu mkubwa hivi katikati ya jiji. Nikamwambia hakuna aliyeuweka, yupo aliyezuia usiondolewe. Miaka ya tisini mwishoni ulikuwa umeshagawiwa wajenzi, na Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, akaja na akina mama na miche. Januari 1999 wakapigwa, yeye akapasuliwa kichwa, akaenda polisi akatia sahihi taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Ile tuzo ya amani ya Nobeli ilikuja 2004. Imani akafikiri, akauliza kama Wangari naye alilipa getini.

Nitawasema vizuri Wakenya leo, mnisamehe. Zaidi ya hekta elfu moja katikati ya jiji ambalo kila kipande kinataka kuwa ghorofa! Dar tuna vilima vya Pugu hapo pembeni, nimeishi Dar miaka mitatu na sijawahi kusikia mtu akisema Jumapili tukatembee Pugu. Tulikuwa tunakwenda kuangalia magari Mlimani City.

Sasa nina darasa langu. Watoto wa ploti yetu, saba, wanane wakati mwingine, Jumapili baada ya kanisa na baada ya mimi kumaliza vifungo. Tunatembea kwa miguu mpaka City Park, si mbali na Ngara. Kadi naziandika kwa Kiswahili na ni vitendawili vyetu wenyewe. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu ina nguzo moja. Wa huku walikuwa hawakijui, walizunguka robo saa wakitafuta banda, mpaka msichana mdogo kuliko wote akapiga magoti mbele ya uyoga. Ajenga ingawa hana mikono: hapo lazima waangalie juu, wapate kiota, na wasikiguse. Kingine kinawapeleka kwenye sanamu zilizo alipozikwa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa nchi yao, na mimi mgeni ndiye ninayewaambia alikuwa nani.

Kima wa pale ni majambazi. Mkebe wa kwanza wa karanga waliufungua kabla yetu, wakaula, wakatuachia kifuniko. Siku hizi hazina hailiwi: vifungo, vipande vya kitenge, penseli. Yule mama wa gari jeupe alimleta binti yake Jumapili iliyopita, akaacha gari, wakaja na matatu. Alivaa viatu vyeupe. Sikumwambia kitu kuhusu matope.

Dada bado anacheka, ila juzi aliuliza niandike vile vitendawili nimtumie, eti kuna wajukuu wanaokuja likizo kutoka Dar na hawatoki kwenye simu. Nikamwambia elfu tatu kila mtoto.

Jumapili hii wanakuja kumi na wawili. Mikebe ya maziwa ya unga ninayo sita, inatosha. Nisichonacho ni kamba ya kufungia kadi. Kila duka nililopita wana nailoni, na nailoni siingii nayo porini. Mwenye kutoka Tanga kuja huku kabla ya Jumamosi, naomba anibebee bunda la katani, nitamlipa hapahapa Ngara.