Wanariadha wa zamani wa chuo chetu

Chuo nilichosoma hapa Moshi ni kidogo, na ukumbi wake una picha za wakuu wote waliowahi kukiongoza, lakini hauna hata picha moja ya mwanariadha aliyekiletea kikombe. Jambo hilo limenisumbua kwa miaka mingi.

Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliongoza mbio za mita 1500 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974 tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, na mwaka 1980 yeye na mkimbiaji mwenzake Suleiman Nyambui walirudi kutoka Olimpiki ya Moscow kila mmoja na medali ya fedha. Hao taifa linawakumbuka. Ninaowasemea mimi ni wale waliokimbia pekupeku alfajiri kwenye uwanja wetu wa vumbi, kabla ya vipindi, ambao leo ni walimu, wakulima wa kahawa na wastaafu. Mmoja wao, niliyekuwa nikipokezana naye kijiti, bado ameitunza namba yake ya kifuani.

Nauomba uongozi uwaalike kwenye mahafali wangali hai, na majina yao yaandikwe ukutani pamoja na mwaka na muda waliotumia.