Jinsi nilivyounganisha foleni ya data iliyoko kwenye IBM i nyingine

Wakuu, kama una IBM i mbili (mashine za IBM za kazi za biashara), hizi ambazo wengi bado tunaziita AS/400, na programu ya huku inatakiwa itume meseji kwenye foleni ya data (sehemu ambapo programu zinaachiana meseji) iliyoko kule, usihangaike kuandika soketi. Mimi nilianza na amri ya ADDRDBDIRE nikasajili mashine ya kule kwa IP yake, nikaipa jina KULE, halafu hapa huku nikapiga hii:

CRTDTAQ DTAQ(LIBA/ODA) TYPE(*DDM) RMTDTAQ(LIBB/ODA) RMTLOCNAME(*RDB) RDB(KULE)

Hiyo foleni ya aina ya DDM (njia ya IBM ya kufikia data ya mashine nyingine) yenyewe haihifadhi kitu, inaelekeza tu, na programu haibadiliki hata mstari, QSNDDTAQ ya kutuma na QRCVDTAQ ya kupokea ni zilezile.

Sasa kutuma ikagoma. Kule nikawasha STRTCPSVR SERVER(*DDM), nikahakikisha faiawoli inapitisha poti 446, bado inakataa paswedi. Hapo ndo penye kazi maana ADDSVRAUTE (amri ya kuweka yuza na paswedi za kuingilia seva ya kule) nilishaweka, jina la seva QDDMSERVER kwa herufi kubwa, yuza na paswedi za kule, kumbe QRETSVRSEC ya huku (thamani ya mfumo inayoamua kama paswedi hizo zitunzwe) ilikuwa 0 kwa hiyo mfumo hautunzi paswedi kabisa! Nikaiweka 1, nikaingiza paswedi upya, ikapita.

Angalizo, ukisoma foleni kwa muda wa kusubiri wa -1 programu itakaa hapo milele ikingoja meseji, mimi naweka sekunde kadhaa alafu naizungusha isome tena. Na kama anayesoma ni PC basi ajigeuzie EBCDIC (usimbaji wa herufi unaotumika kwenye IBM i) mwenyewe, foleni haimgeuzii.