Chupa ya chini ya kiti

Harufu niliisikia mara ya kwanza pale Manyoni, nikalisingizia lori lililokuwa mbele yetu. Ilikuwa Agosti 2012, tunarudi Dodoma kutoka msibani Singida, mimi na mama mdogo, na nyuma kuku watatu waliofungwa miguu na dumu mbili za mafuta ya alizeti. Gari lilikuwa Corolla KE70 ya mwaka 1982, nililoachiwa na baba mdogo alipostaafu akahamia Kondoa. Tangu asubuhi lilikuwa zito. Ukiondoa mguu kwenye mafuta halisereki, linajikaza kama punda aliyekataa mzigo. Nikasema ni dumu. Mama mdogo akasema ni upepo. Na Singida kwa upepo haina mpinzani, basi tukaridhika.

Anayeijua barabara ile anajua kwamba ukishaiacha Manyoni nchi inakatika ghafla. Unashuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Kintinku, na mbele yako tambarare ya Bahi imelala hadi macho yanachoka. Kwenye kona ya kwanza pedali ilikuwa juu na ngumu kuliko kawaida. Ya pili ikalainika, kama umekanyaga embe bovu. Ya tatu ikaenda hadi sakafuni, na gari likaendelea na safari zake. Nikapampu mara nne, mara tano, ni kama napampu baiskeli yenye tairi lililopasuka. Nikarudisha gia ya tatu, nikangoja, nikarudisha ya pili. Injini ikapiga ukelele. Handibreki nikaivuta kidogo kidogo nikiwa nimebana kitufe, maana ukiivuta yote kwa pupa matako ya gari yanahama.

"Mbona unakimbia hivyo, mwanangu?" mama mdogo akauliza, ameamka.

Sikumjibu. Kulikuwa na rundo la changarawe kando, nikalielekeza humo. Tukasimama. Kuku wakanyamaza wote.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi. Dereva wa lori aliyekuwa anapanda alisimama, utingo wake akatuwekea jiwe nyuma ya tairi, mwenyewe akatema mate kwenye rimu. Mate yakachemka. Akasema tusiguse kitu, tukae kivulini. Baada ya kama saa nzima nikakanyaga pedali: breki imerudi, imesimama kabisa! Mimi nikafurahi, yeye ndiyo kwanza akakunja uso. Akapiga jeki upande wa kushoto, akajaribu kuzungusha gurudumu kwa mikono miwili, limegoma. Kisha akachukua spana akalegeza ile nati ndogo ya kutolea upepo. Mafuta yakaruka chwaa, na gurudumu likazunguka kwa kidole.

"Unaona? Siyo pistoni iliyokwama. Presha imefungiwa ndani, haina pa kurudi. Unatembea breki zimeshika tangu ulikotoka."

Akanigawia breki fluidi yake, akanionyesha namna ya kulegeza nati kila nitakapoona gari linajikaza. Kilomita mia na ushee za kuingia Dodoma tulizimaliza saa nne usiku.

Usiku ule nilimpigia baba mdogo. Nikamwambia breki za gari lako zimechoka, nusura tufe. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuniomba msamaha, mtu mzima yule, kwamba alipaswa kubadilisha mipira yote kabla ya kunikabidhi. Kesho yake asubuhi akatuma shilingi laki moja kwa simu. Nikaipokea.

Fundi wa kwanza, kijana, alifungua boneti akasema masta silinda, ile pampu kuu ya breki, imekufa, nunua nyingine. Sikumwelewa akili yake na sikuwa na hela, nikaenda kwa mzee mmoja aliyekuwa na gereji chini ya mwarobaini upande wa Majengo. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akafungua kifuniko cha kikopo cha breki fluidi, akakitoa kimpira cha ndani. Kilikuwa kimevimba, kimejikunja kama sikio la mtoto mchanga. Akajaribu kukirudisha mahali pake. Hakikuingia.

Hapo akaagiza glasi ya maji kwa mama ntilie. Nikajua ana kiu. Akachovya bomba la sindano kwenye kikopo, akavuta, akadondosha matone matatu kwenye ile glasi. Breki fluidi safi, akaniambia, ikiingia kwenye maji inachanganyika kama sukari. Hii ilielea. Duara jekundu lenye kung'aa likatanda juu ya maji, na yeye akaizungusha glasi kwenye jua taratibu, kama mtu anayekagua tanzanaiti.

"Mwalimu, nani aliongeza mafuta humu?"

"Sijui, mzee. Labda vijana wa gereji."

Aliyeongeza ni mimi. Wakati wa kwenda, siku tano kabla, niliona kikopo kimepungua, na duka nililosimama halikuwa na breki fluidi. Nikanunua chupa ya mafuta mekundu ya gia boksi ya otomatiki. Mafuta si mafuta?

Mzee alinieleza huku anafungua. Mipira ya breki haipatani na mafuta ya aina ile, inayanywa na kuvimba. Ndani ya masta kuna kitundu chembamba ambacho fluidi hurudia ukiachia pedali. Mpira uliovimba unakiziba, breki hazitaki kuachia, joto linapanda hadi fluidi inachemka. Breki fluidi ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa ivumilie mpaka nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji huchemka karibu na 140. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabonyea, ndiyo maana mguu ulifika sakafuni. Ukipoa, breki zinarudi zikijifanya hazikufanya kitu.

Ikabidi kubadilisha kila chenye mpira: seti ya mipira ya masta, mipira ya kalipa zinazobana breki za mbele, vimpira vya silinda za nyuma, hosi zote tatu. Nilipopendekeza tusafishe paipu kwa petroli aliniangalia kwa huruma. "Petroli si ndugu yake huyohuyo aliyetuua?" Akatumia spiriti.

Tukaanza kutoa upepo ulioingia kwenye paipu za breki, gurudumu la nyuma kushoto kwanza kwa kuwa ndilo la mbali. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Ili nikae vizuri alisogeza kiti cha dereva nyuma, na ile chupa ikabingirika kutoka chini yake, nusu bado imejaa. Akaiokota, akaisimamisha juu ya boneti, mbele ya macho yangu kabisa.

"Kanyaga," akasema.

Niliirudisha chini ya kiti, sijui kwa nini. Desemba baba mdogo alipokuja kula sikukuu aliomba aliendeshe gari lake kidogo, akazunguka nalo mpaka Nkuhungu na kurudi. Aliposhuka alikuwa ameishika mkononi, anasoma lebo, miwani imeshuka puani.

"Breki nzuri sana," akasema. "Sasa ile laki yangu unairudisha lini?"